Onyesho la Wanawake la Iddi Pili

Kiponda, Mji Mkongwe
6 Machi 2025

Salhiya,

Salamu nitazitia mwisho wa barua, kama zitakuwa zimebaki. Jana baada ya futari nimekupigia simu, hukupokea. Leo asubuhi nimekupigia tena, umeikata. Barua huwezi kuikata. Pandu, dereva wa hoteli yenu, kila siku anakuja Darajani kununua samaki na mboga, basi nitampa hii mkononi, na nimemwambia akifika Kendwa asishushe hata kitunguu mpaka akuone umeifungua.

Jirani yangu amenionyesha tangazo kwenye simu yake. Nimeona mwanamke amekaa mkekani, ametupa mgongo, kajitanda kanga mpaka kichwani. Bi Kazija. Nikasema alhamdulillahi, tangazo letu limeenea. Kisha nikavaa miwani nikasoma maandishi: "Iddi Pili, saa kumi jioni. Kaa nyumbani kwako, uitazame." Siku ile ile na saa ile ile ninayofungua milango ya Sinema Marijani kwa onyesho la wanawake, filamu yako itakuwa mkononi mwa kila mwenye simu na bando, awe mwanamke, awe mwanamume, awe mtoto wa shule.

Nataka nikukumbushe tulivyofika hapa, kwa sababu naona upepo wa Kendwa unasahaulisha watu. Bi Kazija ni somo. Tangu ujana wake anawafunda mabibi harusi wa Jambiani na Paje mpaka huku mjini, na siku nyingine yumo majini analima mwani. Hakupata kukaa mbele ya kamera maisha yake. Tulikwenda kwake mimi na wewe, akatukatalia. Tukarudi, akatupa chai na akatukatalia tena. Mara ya tatu ni mimi niliyesema, si wewe, kwamba filamu hii itaonyeshwa kwangu tu, kwenye onyesho la wanawake, kama alivyokuwa akifanya marehemu mama yangu. Wanaume wote wanatoka mpaka mfagiaji, mashine inaendeshwa na Riyama, simu zinaachwa mlangoni ndani ya kikapu, mabuibui yanavuliwa, watu wanaonyeshana nguo za sikukuu. Akasema msichana asiyeolewa asiingie. Akataka hata binti atakayeigiza mwali awe keshaolewa, ndipo ukampata yule Ummukulthum wa Tunguu.

Na hata hapo hakuridhika, akataka kuuona ukumbi wenyewe. Unakumbuka? Alipita safu kwa safu, akagusa ukuta, akaniuliza, "Ukuta huu unapitisha sauti?" Nikamwambia ni mawe na chokaa, unene wake mkono mzima. Akasema, "Mie ntatoka nje. Wewe imba." Nikaimba peke yangu mbele ya viti vitupu, mtu mzima mimi, naye amesimama uchochoroni ameweka sikio ukutani. Aliporudi akasema, "Sikusikia kitu. Basi nshakubali." Wiki nzima nilicheka. Alikuwa kama mtu anayenunua nyumba.

Sasa sicheki. Waandikie hao watu wa filamu za simuni waiondoe. Muhiddin mwenye jengo anasubiri tu Iddi ipite; ukumbi usipojaa hanipi mkataba mwingine, anataka kuugeuza hoteli. Na nani atavaa nguo yake mpya, atoke Jang'ombe mpaka Kiponda, akalipie kitu ambacho anacho kitandani kwake? Lakini hilo nimeliweka la pili. La kwanza ni neno langu nililompa yule mama.

Salamu hazikubaki.

Shangazi yako,
Rukaiya


Kendwa
9 Machi 2025

Shikamoo Shangazi,

Pandu alikutii. Alinisimamia jikoni mbele ya wapishi, barafu ya samaki inayeyuka, mpaka nikachana bahasha. Nimesoma mbele ya watu na nimeona haya mbele ya watu, kwa hiyo kama ulikusudia hilo, umelipata.

Simu nilikata kwa sababu nilikuwa kazini. Kazi yangu unaijua: nawapiga picha wageni wanaokuja kuoana mchangani miguu mitupu, wakirushiana maua niliyoyanunua mimi. Miaka minne nawapiga wao ili niweze kutengeneza filamu moja ya kwetu. Katika muda wote huo kisiwani hapa nimepewa maneno mazuri tu. Waliotoa kamera, taa na mishahara ya wale wanawake niliofanya nao kazi ni hao "watu" unaotaka niwaandikie.

Unasema onyesho la wanawake. Nakuuliza, wanawake gani? Wanaoenea kwenye viti vyako ni wangapi? Mama wa Jang'ombe mwenye kichanga hawezi kuja. Wa Tumbatu hawezi kuja. Aliyefiwa na mume yumo edani, hatoki. Ambaye mumewe hampi ruhusa ya kufika mjini hata kwa daktari, huyo ndiye niliyemtengenezea filamu hii, na wewe unataka nimwambie apande juu ya paa la jengo la Muhiddin achungulie. Nyumbani kwake ndiyo sinema yake, Shangazi. Mlango anaufunga mwenyewe.

Tena niseme na hili, unisamehe. Umeliweka neno la Bi Kazija mbele na viti vyako nyuma, lakini ukiwa mkweli utaona viti ndivyo vinavyokuliza. Sinema zote za mji huu zimekufa, na hazikuuliwa na mimi. Watu walizikimbia kabla sijazaliwa. Umefufua moja, Mungu akujaalie, lakini usinibebeshe mimi maiti ya zile nyingine.

Siwezi kuiondoa. Nimeshasaini.

Mwanao,
Salhiya


Kiponda
11 Machi 2025

Salhiya,

Nimekwambia uwaandikie watu waondoe filamu, wewe umenihutubia.

Mlango anaufunga mwenyewe, unasema. Na mume yuko upande gani wa mlango huo? Na shemeji? Na mtoto wa kiume aliyemnunulia hiyo simu na anayeijua namba ya siri yake? Uliishi kwangu tangu ukiwa na meno ya maziwa, huijui nyumba ya Kiswahili mpaka leo? Simu ya mwanamke wa Jang'ombe huanza chumbani kwake ikaishia barazani. Na usiku wa Iddi Tatu vibanda vinavyoonyesha mpira vitakuwa vimeitundika filamu ile ukutani, wanaume wamejipanga kwenye mabenchi na kahawa zao, wanamtazama Bi Kazija anamsinga mwali mwilini kwa liwa ya manukato, mabega wazi, nywele wazi. Mimi ndiye niliyemwambia avue ile kanga. Aliniangalia mimi kabla hajaivua, hakukuangalia wewe.

Kuhusu viti. Naam, vinaniliza. Nimevishona upya mmoja mmoja, na sitaona haya kwa hilo mbele ya mtu anayerusha maua ya wageni. Kilichokuwa kinawatoa wanawake majumbani kuja kwa mama yangu si picha peke yake. Pale waliweza kucheka kwa sauti. Hebu niambie nani atacheka kwa sauti peke yake na simu, na baba mkwe chumba cha pili.

Nina swali moja, na nalitaka hilo tu, sitaki hotuba nyingine. Ulisaini lini?

Rukaiya


Kendwa
14 Machi 2025

Shangazi, shikamoo.

Nilisaini Novemba. Bi Kazija tulimpiga picha Disemba.

Nimekaa na kalamu siku mbili nikitafuta namna nyingine ya kuliandika hilo, haipo. Siku anatandika mkeka na kukuangalia wewe, mimi nilikuwa najua. Walinunua kwa sababu ya sehemu ile ya kufundwa. Walisema filamu za harusi zimejaa, za kumfunda mwali hawajapata kuiona hata moja. Bila ya sehemu ile wasingetoa kitu, na bila ya wao hata hiyo kamera aliyoionea haya isingekuwepo.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Kwa sababu ungesema hapana. Hapana yako naijua tangu nina meno ya maziwa, haina mlango wa nyuma. Nikajiambia tukimaliza utaiona ilivyo nzuri, utalainika. Nilikosa kwa kunyamaza, sikukosa kwa kusaini. Ningepewa ile karatasi leo ningesaini tena.

Na mimi nina swali langu. Umemwambia Bi Kazija? Wiki nzima unanipiga kwa heshima yake, umesharudi Jambiani ukamwambia kuwa tangazo limetoka? Au unamlindia heshima bila ya yeye kujua kama imeguswa? Mtu mmoja tu kati yetu ndiye aliyempa neno, na huyo anakaa mwendo wa saa moja kutoka kwake.

Salhiya


Kiponda
15 Machi 2025

Sikumwambia.

Nimetoka mara moja nikafika hadi kituoni, nikarudi. Sina uso wa kwenda nao.

Kwa hiyo nisikilize. Filamu ile ikitoka kwenye simu, mimi siionyeshi. Iddi Pili nitatia kufuli Sinema Marijani, funguo nitampelekea Muhiddin mwenyewe, aweke hoteli yake na bwawa lake la kuogelea pale ulipo ukumbi. Wanawake wakiniuliza nitawaambia ukweli, kwamba mtoto niliyemlea aliuza kilichokuwa si chake, na kwamba alikiuza kabla hajakiomba.

Usiniandikie tena mpaka uwe na jambo la kuniambia. Na Pandu usimtume na halwa. Nimeila kwa sababu ni haramu kutupa chakula, lakini haijabadilisha kitu.

Rukaiya


Kendwa
22 Machi 2025

Shikamoo Shangazi,

Nina jambo la kukwambia.

Nimegombana na wale watu siku tano. Kwanza walicheka, kisha wakanipa mwanasheria wao nizungumze naye, kisha wakaacha kupokea simu, nikaonja na mimi utamu wake. Mwisho nikawaambia sitawapa filamu iliyokamilika, wanishitaki, waje Kendwa wachukue tripodi yangu na mashuka ya chumba nilichopanga. Wamekubali, lakini filamu ya pili tuliyokuwa tumeahidiana wameifuta. Hilo ulijue, maana barua zako zinaniandika kama mtu ambaye hajalipia kitu.

Tumekubaliana hivi. Kwenye simu, mara tu Bi Kazija anapofunga mlango wa chumba, kioo kinakuwa cheusi. Sehemu nzima ya kufundwa inakwenda gizani mpaka mwali anatoka. Hakuna bega, hakuna nywele, hakuna hata kidole chake. Sauti tu ndiyo inayobaki, na kwa kuwa kioo kikiwa kitupu mtu atadhani simu imezima, maneno yake yote yataandikwa kwa herufi nyeupe, Kiswahili na Kiingereza, yakienda pamoja na sauti. Picha yenyewe haitaonekana popote duniani ila kwenye ukuta wako, kwa wanawake wako, na simu kikapuni.

Barua zako zote zilihusu mabega. Basi mabega nimeyafunika.

Nimeikata filamu yangu kwa mkono wangu mwenyewe, Shangazi. Mwanga ule wa dirishani kwenye mgongo wake nilikaa nao wiki mbili. Nilipotia giza nililia mbele ya kompyuta, na mgeni mmoja aliyekuja kuchukua picha za harusi yake akaniletea maji akidhani nimeguswa na mapenzi yao. Sitaki kusifiwa. Nataka ufungue ukumbi.

Salhiya


Kiponda
24 Machi 2025

Mwanangu Salhiya,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara tatu, ya tatu kwa sauti, Riyama akinisikiliza. Hasira yangu ya Novemba na Disemba bado ipo mahali pake na itakaa hapo kwa muda, usijidanganye. Lakini hili ulilolifanya ni la mtu mzima, na kwa mtu mwenye kichwa kama chako najua limekugharimu.

Ukumbi nitaufungua. Nimempelekea Bi Kazija doti ya kanga ya Iddi na salamu, nimemwambia mambo yote yako kama tulivyoahidiana, aje Iddi Pili akae safu ya mbele. Hayo mengine ya simu na giza sikumtia kichwani, ya nini kumchanganya na yamekwisha. Mjumbe amerudi na jibu kwamba atakuja.

Iddi njema ikifika. Kula vizuri, barua yako ya mwisho ilikuwa na mwandiko wa mtu aliyekonda.

Shangazi yako,
Rukaiya


Kiponda
4 Aprili 2025

Salhiya mwanangu,

Kama ungekuwepo. Umekwenda kupiga picha harusi ya wageni siku ya Iddi Pili na mimi nimekusamehe hilo pia, siku hizi nasamehe kama ninayegawa sadaka.

Saa nane wanawake walishafika Kiponda. Saa tisa uchochoro ulijaa, nikafungua kabla ya wakati wasije wakazirai na mabuibui yao. Udi, vikuku, nguo zinang'ara, kikapu cha simu kikafurika tukaongeza ndoo. Nilidhani watakaa majumbani. Kumbe lile giza lako ndilo lililowaleta, maana tangazo jipya la simu lilisema, na waliambizana tangu siku ya mosi, kwamba kwenye simu chumba cha mwali hakionekani, kinaonekana Marijani tu. Iddi Tatu wamekuja zaidi. Iddi Nne tumewarudisha watu. Muhiddin alisimama kwenye kona akiwatazama wanavyoingia, uso umemshuka, na jana ameniletea mkataba mwenyewe bila ya kuitwa.

Bi Kazija alikaa mbele, kajifunga kanga zake za kila siku. Ilipofika sehemu yake, akatamka lile neno lake la kwanza kwa mwali, na wanawake wakaangua kicheko ambacho sijakisikia tangu enzi za mama. Vigelegele mpaka vumbi likadondoka darini. Yeye mwenyewe alicheka akajifunika uso. Wakati wa kutoka wasichana walioolewa juzijuzi walikuwa wanambusu mkono. Akaniambia, "Bi Rukaiya, neno lako ni neno." Nililala usingizi wa mtoto.

Jana tena vijana wa barazani hapa chini walikuwa wanaimba kipande cha wimbo wake wa kwenye filamu na kupokezana, wanagongana mabega na kucheka. Nikawafukuza na fagio. Lakini nimecheka peke yangu ngazini. Hata hiyo nimeihesabu sifa.

Shangazi yako anayekupenda,
Rukaiya


Kendwa
6 Aprili 2025

Shikamoo Shangazi,

Nimeisoma barua yako jikoni kwa wapishi, safari hii kwa hiari yangu, na wapishi wamepiga makofi.

Wale watu wameniandikia. Hawakasiriki tena. Wanasema katika filamu nzima hakuna sehemu inayorudiwa na watazamaji kama ile ya giza. Watu wanaikata, wanatumiana, wameyachukua maneno yake wakayaweka kwenye video zao. Nilidhani nimeiua filamu, kumbe nimeitia roho. Na ile ya pili wanataka tuizungumze upya.

Kwa hiyo tumeshinda sote wawili, jambo ambalo sikumbuki kama lilipata kutokea nyumbani kwetu. Mwambie Bi Kazija nitakuja kumsalimia mwezi huu.

Mwanao,
Salhiya


Jambiani
11 Aprili 2025

Bi Rukaiya,

Assalamu alaykum. Naandika kwa mkono wangu ili pasiwe na mtu aliyeisoma hii kabla yako. Ukishaisoma umpelekee Salhiya, maana yeye hajapata kuniandikia.

Juzi nilikwenda dukani kununua sabuni. Nje ya duka walikaa vijana, mmoja wao mtoto wa dada yangu, bado anasoma. Aliponiona akawaambia wenzake jambo, wakainama kwa kucheka, na mmoja akayasema maneno ninayomwambia mwali tukishabaki wawili na mlango umefungwa. Aliyasema kwa mpangilio wake, hakukosea. Nikamuuliza yule wa dada yangu, mwanangu, umeyapata wapi haya? Akasema, "Mama mkubwa, yameandikwa." Akanionyesha. Kioo cheusi, sauti yangu, na maneno yangu yamepangwa chini yake, meupe, mtu hata kiziwi ayapate.

Ummukulthum alikuja kuniomba radhi. Yeye amenieleza kwamba mligombana Ramadhani nzima kwa ajili yangu, na kwamba mwisho Salhiya aliyafunika mabega yangu. Nimecheka mpaka binti wa watu akaogopa. Mabega yangu, Bi Rukaiya. Kila maji yakitoka mimi nimo baharini mpaka kiunoni, kanga imenigandia, wageni wanapita na kamera zao, wanaume wa kijiji wanapita na nyavu zao. Mabega yangu Jambiani nzima inayajua. Ningekuwa na la kuficha hapo ningelima mwani na buibui.

Maneno yale nilipewa chumbani na somo wangu, naye alipewa na wake. Mume wangu niliyezaa naye watoto watano hajayasikia hata siku moja. Baba yangu amekufa hajayasikia. Ndiyo maana nilikataa wasichana wasioolewa, ndiyo maana nilitaka mwigizaji awe keshafundwa. Mlidhani nini? Mlidhani ni mshamba anayeona haya.

Mimi nilikuuliza swali moja tu ndani ya ule ukumbi. Sikukuuliza nani ataniona. Nilikuuliza kama ukuta unapitisha sauti. Ukaimba, mimi nikasimama nje na sikio langu, sikusikia kitu, nikakubali. Nilikuona unavyonicheka, nikakuachia, nikasema atakuwa amefahamu. Hukufahamu, na hukuniuliza. Mmeandikiana nyinyi kwa nyinyi, mmehasimiana, mmepatana, mmeletewa mkataba, na Jambiani ipo pale pale, njia ya lami mpaka mlangoni kwangu. Kila mmoja wenu alikuwa ananitetea, na hakuna aliyepata nafasi ya kuja kuniuliza ninatetewa nini.

Mwezi ujao nilikuwa na mwali Paje. Nimemfunda mama yake, nimewafunda shangazi zake wote. Jana mama yake alikuja na vitumbua, akakaa vizuri, akaniuliza hali ya mwani. Kisha akasema harusi ipo lakini mimi nisijisumbue. "Somo, usinielewe vibaya. Mwali keshayasikia yote kwenye simu. Na bwana harusi keshayasikia. Sasa utamfunda nini?" Hakusema kwa ubaya, Bi Rukaiya. Aliniuliza kweli. Nilimwambia vitumbua vyake ni vizuri.

Nimekasirika, na sitaki mtu anipooze. Salhiya asije kunisalimia. Nimesikia wanazungumza filamu nyingine. Asitafute somo mwingine huku kusini, nimeshapita nyumba zao mwenyewe. Mpe barua hii aisome, lakini aisome kimya, asiitoe sauti.

Doti ya kanga uliyonipa ya Iddi imo ndani ya mfuko huu. Sikuikata.

Kazija